Boriti ya Zege Inavyobeba Mzigo, na Yanayopaswa Kukaguliwa Kabla Zege Halijamwagwa

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likiendelea kujengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Jijini Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Novemba, 2024, jengo jingine la ghorofa liliporomoka Kariakoo wakati shughuli za biashara zikiendelea, na makumi ya familia zikapoteza ndugu. Kila inapotokea ajali ya namna hii, wananchi huuliza swali lile lile: jengo linaangukaje?

Chanzo cha kila ajali huchunguzwa na vyombo vilivyopewa jukumu hilo, na mara nyingi huwa si kimoja. Udongo unaweza kutitia, nguzo inaweza kuzidiwa, zege linaweza kuwa dhaifu. Makala haya hayatoi hukumu kuhusu majengo hayo mawili. Yanaeleza kiungo kimoja tu cha jengo, ambacho karibu kila anayejenga nyumba ya ghorofa, fremu za maduka au hata kibaraza chenye slabu atakilipia, lakini ni wachache wanaojua kinavyofanya kazi: boriti, au biimu kama mafundi wengi wanavyoiita.

Sababu ya kuichagua boriti ni kwamba uimara wake hutegemea vitu ambavyo havionekani tena zege likishamwagwa. Boriti mbili zinaweza kuwa na upana mmoja, kimo kimoja, saruji ile ile na hata idadi ile ile ya nondo; moja ikadumu miaka 50 na nyingine ikapasuka mara tu mbao na mirunda vikiondolewa, kwa sababu nondo zake zilikaa upande usiostahili.

Boriti inapopinda

Mtu anayetaka kuona kinachotokea ndani ya boriti anaweza kuchukua kipande kirefu cha sponji, akachora ubavuni mwake mistari kadhaa ya wima, kisha akakiegemeza ncha zake mbili na kukibonyeza katikati. Mistari itasogeleana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Maana yake ni kwamba sehemu ya juu inabanwa na sehemu ya chini inavutwa. Kati ya pande hizo mbili kuna tabaka jembamba ambalo halibanwi wala halivutwi.

Zege hupenda kubanwa. Zege la kawaida la majengo, likichanganywa vizuri, huweza kuhimili mbano wa takriban kilo 250 kwa kila sentimita moja ya mraba kabla ya kusagika. Likivutwa, hali ni tofauti kabisa: hupasuka kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo. Kwa hiyo boriti ya zege tupu iliyowekwa juu ya nguzo mbili ingepasuka kuanzia chini, katikati, hata kabla upande wa juu haujaanza kuhisi mzigo.

Hapo ndipo nondo zinapoingia. Chuma huvutwa bila kukatika. Nondo moja ya milimita 16 ya daraja la 460 inahitaji kuvutwa kwa zaidi ya tani 9 ili ianze kulegea. Nondo zikilazwa chini, mahali panapovutwa, na zege likabaki juu, mahali panapobanwa, kila kimoja hufanya kazi inayokifaa.

Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao husahaulika mara nyingi. Roshani inayochomoza nje ya ukuta haina nguzo mbele yake. Ikibebeshwa mzigo huinama kuelekea chini, na kinachovutwa ni upande wake wa juu, si wa chini. Vivyo hivyo, boriti ndefu inayopita juu ya nguzo tatu huinama katikati ya kila nafasi, lakini juu ya nguzo ya kati hujikunja kinyume, na hapo upande unaovutwa ni wa juu. Ndiyo maana mchoro wa mhandisi huonesha nondo za chini zikiwa nyingi katikati ya nafasi, na nondo za juu zikiwa nyingi juu ya nguzo na kwenye roshani. Kuzigeuza si kosa dogo la mpangilio. Roshani yenye nondo chini pekee ni sawa na roshani isiyo na nondo.

Katika siku ya kumwaga zege, hatari hii huja kwa njia ya kawaida kabisa: miguu ya watu. Chukulia slabu ya roshani yenye unene wa milimita 150, ambayo nondo zake za juu zilipangwa zikae milimita 125 kutoka chini. Vibarua wakizikanyaga wakati wa kupitisha ndoo na mikokoteni, zikashuka kwa milimita 40, roshani hiyo itakuwa imepoteza takriban theluthi moja ya uwezo wake kabla hata ya kukauka. Hakuna atakayeona tofauti kwa macho.

Kimo kuliko upana

Wanaopaua nyumba wanaifahamu kanuni nyingine bila kuisomea. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ikisimamishwa kwa ubavu hubeba mzigo mara 3 ya ule ambao ingebeba ikilazwa, na ukakamavu wake dhidi ya kuinama ni mara 9. Mbao ni ile ile na gharama ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo. Galileo Galilei aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1638 na kuonesha kwamba nguvu ya boriti hukua kwa mraba wa kimo chake, ingawa alikosea kuhusu mahali lilipo tabaka lisilovutwa wala kubanwa. Hesabu sahihi ilisubiri karibu karne mbili nyingine.

Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba anayemwomba fundi apunguze kimo cha boriti ili dari lionekane bapa, akiahidi kwamba ataongeza upana, hafanyi mabadilishano sawa.

Urefu wa nafasi kati ya nguzo na nguzo una uzito mkubwa zaidi katika hesabu. Wajenzi wa mwambao walilijua hili kwa vitendo. Dari za nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo ina urefu na unene wake, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake ukizunguka mita 3 au pungufu. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, zikaenda na kipimo cha vyumba vyake. Chumba kilifuata uwezo wa boriti. Siku hizi ni boriti inayotakiwa ifuate matakwa ya sebule, na hilo linawezekana, ila kwa gharama inayopaswa kuhesabiwa.

Mfano wa sebule ya mita 4 na ya mita 5

Tuseme nyumba ya ghorofa moja ina boriti yenye upana wa milimita 230 na kimo cha milimita 450 pamoja na slabu, iliyolala juu ya nguzo mbili zilizoachana mita 4, na inabeba kipande cha sakafu chenye upana wa mita 3. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa takriban kilo 375 kwa kila mita ya mraba; ukijumlisha vigae, plasta na chokaa, inafika kilo 500. Hivyo, kila mita moja ya boriti inabeba tani 1.5 za sakafu, na uzito wake yenyewe, takriban tani 0.17. Watu, vitanda na makabati hukadiriwa kuwa kilo 150 kwa kila mita ya mraba, yaani tani 0.45 kwa kila mita ya boriti.

Mhandisi haishii hapo. Kwa utaratibu wa kiwango cha Uingereza cha BS 8110, ambacho wahandisi wa Afrika Mashariki wamekitumia kwa miaka mingi, uzito wa kudumu huzidishwa kwa 1.4 na ule wa watu na vyombo kwa 1.6. Ziada hiyo si ufujaji. Ni nafasi inayoachwa kwa ajili ya yale yasiyotabirika: slabu iliyotoka nene kidogo, sherehe yenye watu wengi kuliko kawaida, zege lisilofikia kiwango mahali fulani. Baada ya kuzidisha, kila mita ya boriti inahesabiwa kuwa na takriban tani 3, na boriti nzima tani 12 na ushee. Kila ncha inasukuma nguzo yake kwa tani 6 hivi.

Katikati ya boriti hiyo, nguvu ya kupinda inageuka kuwa mbano juu na mvuto chini. Umbali kati ya nguvu hizo mbili ni kama sentimita 38, na kwa umbali huo mdogo nondo za chini zinalazimika kuvuta kwa takriban tani 16. Ni uzito wa lori lenye shehena, ukining'inia kwenye nondo mbili za milimita 16, ambazo katika mfano huu zinatosha.

Sasa mwenye nyumba anaamua sebule iwe ya mita 5. Amezidisha urefu kwa robo tu. Nguvu inayofika kwenye kila nguzo nayo inaongezeka kwa robo. Lakini nguvu ya kupinda hukua kwa mraba wa urefu, hivyo inaongezeka kwa asilimia 56, na nondo za chini sasa zinavutwa kwa tani 25. Nondo mbili hazitoshi tena, zinahitajika tatu. Kuinama kwa boriti nako, ambako hukua kwa urefu uliozidishwa wenyewe mara nne, kunakaribia mara 2.5 ya awali, na huenda vigae vya juu vikapasuka na milango ikaanza kukwama hata kama boriti haitavunjika.

Akiamua pia kujenga ukuta wa tofali za inchi 6 juu ya boriti hiyo, wenye kimo cha mita 2.7, ataongeza takriban tani moja kwa kila mita. Baada ya kuzidishwa kwa 1.4, hiyo ni karibu nusu ya mzigo wote uliohesabiwa mwanzo, kwa uamuzi ambao huenda ulifanywa site kwa mazungumzo ya dakika 5.

Takwimu hizi zinaonesha namna mzigo unavyokua. Si mchoro wa kujengea. Nyumba nyingine ina udongo wake, nafasi zake na kuta zake, na hesabu yake hufanywa upya.

Ikumbukwe vilevile kwamba kurundika nondo hakuongezi usalama moja kwa moja. Boriti iliyosanifiwa vizuri ina chuma cha kiasi ambacho, ikizidiwa, nondo huanza kulegea kabla zege la juu halijasagika. Boriti huinama, nyufa huonekana, waliomo hupata muda wa kutoka. Chuma kikizidi kiasi, zege la juu husagika kwanza, na husagika ghafla. Fundi anayeongeza nondo "kwa ajili ya usalama" bila kumuuliza mhandisi anaweza kuwa ameondoa onyo.

Boriti inapokatika kwa mshazari

Kupinda ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni nguvu ya kukata, nayo haifuati ramani ile ile. Kupinda huwa kukubwa katikati ya nafasi. Kukata huwa kukubwa karibu na nguzo, mahali ambapo mzigo wote wa nusu ya boriti unapita kuelekea chini. Katika mfano wa mita 4, ni zile tani 6 za kila ncha.

Nguvu hii ilichelewa kueleweka. Katikati ya karne ya 19, mhandisi wa reli wa Urusi, Dmitrii Jourawski, alikuwa akijenga madaraja ya mbao na kugundua kwamba boriti nene za mbao hupasuka kwa urefu, kufuata nyuzi zake, badala ya kuvunjika kwa kukingama. Kinachotokea ni hiki: mbao mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine bila kufungwa, zikibebeshwa mzigo, huteleza, ncha zake hazibaki sawa. Zikigundishwa kuwa kitu kimoja, ule mtelezo hauondoki bali hugeuka kuwa mkazo ndani ya boriti.

Katika zege, mkazo huo ukichanganyika na ule wa kupinda huzaa ufa wa mshazari, unaoanza chini karibu na nguzo na kupanda kuelekea katikati, kwa pembe inayokaribia nyuzi 45. Nondo za chini peke yake haziwezi kuuzuia, kwa sababu zimelala wakati ufa unapanda.

Kazi ya kuuzuia ni ya ringi, zile nondo nyembamba zinazokunjwa kuwa mstatili na kuzizunguka nondo kuu. Mfaransa François Hennebique aliziweka katika hataza yake ya mwaka 1892, na mwaka 1899 mhandisi Wilhelm Ritter wa Uswisi akaeleza zinavyofanya kazi kwa kulinganisha boriti iliyopasuka na kenchi ya paa. Vipande vya zege vilivyo kati ya nyufa ni kama mbao za mshazari zinazobanwa. Nondo za chini ni kama mbao ya chini ya kenchi inayovutwa. Na ringi ndizo zinazosimama wima, zikiupokea mzigo chini na kuupandisha juu, ili ushuke tena kwa mshazari hadi nguzoni.

Kutoka katika picha hiyo, umbali kati ya ringi na ringi unaeleweka mara moja. Ufa wa nyuzi 45 katika boriti yenye kimo cha kufanyia kazi cha milimita 400 husafiri milimita 400 hivi kwa ulalo kabla ya kufika juu. Ringi zikiachana zaidi ya hapo, ufa unaweza kupita katikati ya ringi mbili bila kukutana na hata moja. Chuma kipo ndani ya boriti, fedha yake imelipwa, lakini hakifanyi kazi. Ndiyo maana BS 8110 inataka umbali huo usizidi robo tatu ya kimo hicho, yaani milimita 300 katika mfano huu, na hesabu ya mzigo mara nyingi huushusha zaidi. Boriti ya mita 4 iliyotajwa, ikiwa na ringi za milimita 8, zingepangwa kwa takriban milimita 250. Mzigo ukiwa mkubwa, michoro huzibananisha karibu na nguzo na kuziachanisha katikati.

Lakini kwenye site nyingi ndogo, ringi ndizo huwa za kwanza kupunguzwa pale bajeti inapobana. Ni nyembamba, zinachosha kukunja, na zinaonekana kama kamba tu za kushikilia nondo zisisambae. Dhana hiyo ni hatari kuliko zote, kwa sababu boriti inayokatika kwa mshazari haitoi muda. Mwaka 1955, sehemu ya paa la ghala la Jeshi la Anga la Marekani huko Shelby, Ohio, ilianguka likiwa limebeba kidogo zaidi ya uzito wake lenyewe. Boriti zake zilikatika kwa mshazari mahali ambapo nondo za juu zilikuwa zimekomea na ringi hazikutosha. Tukio hilo lilisababisha utafiti mpana na mabadiliko ya kanuni za usanifu wa zege nchini humo.

Nguzo ikiondolewa, bomba likipitishwa

Jengo lililosanifiwa vizuri linaweza kuharibiwa baada ya kukamilika. Jambo linalotokea mara kwa mara katika maeneo ya biashara ni mpangaji au mmiliki kutaka kuunganisha maduka mawili ya chini kwa kuondoa nguzo, au ukuta uliokuwa ukibeba boriti, katikati yake.

Madhara yake huenda mbali kuliko inavyodhaniwa. Boriti iliyokuwa na nafasi mbili za mita 4 kila moja sasa ina nafasi moja ya mita 8. Mahali ilipokuwa nguzo, boriti ilikuwa ikivutwa upande wa juu, na nondo nyingi ziliwekwa juu. Nguzo ikiondoka, mahali pale pale panakuwa katikati ya nafasi, na upande unaovutwa unahamia chini, penye nondo chache, ambazo pengine ndipo zilipounganishiwa. Nguvu ya juu kabisa ya kupinda inayovuta upande wa chini inakuwa mara 7 ya ile ambayo boriti ilihesabiwa kuibeba. Hakuna ziada ya 1.4 wala 1.6 inayoweza kufidia tofauti hiyo. Kazi ya namna hii haifanyiki bila usanifu mpya, kibali kipya na mirunda ya kuegemeza iliyopangwa na mhandisi.

Mafundi bomba na mafundi umeme nao hutoboa. Tundu dogo katikati ya kimo na mbali na nguzo linaweza kukubalika mhandisi akiridhia. Tundu la inchi 4 la bomba la maji taka, lililochongwa kwa tindo mita nusu kutoka kwenye nguzo na kukata ringi mbili njiani, limekaa hasa pale ufa wa mshazari unapopita. Mabomba yapangwe kabla zege halijamwagwa.

Kabla zege halijamwagwa

Ujenzi wa jengo la ghorofa huhitaji kibali cha halmashauri husika, michoro ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Wananchi wengi huchukulia hatua hizo kuwa urasimu unaomalizika pale mhuri unapogongwa. Kwa upande wa boriti, thamani ya mhandisi iko pia katika ile saa moja anayofika site nondo zikiwa zimeshafungwa na zege likiwa bado.

Katika saa hiyo, mwenye jengo mwenyewe anaweza kusimama naye, mchoro mkononi, na kuhesabu. Nondo za chini ni ngapi na za milimita ngapi katikati ya nafasi? Za juu ni ngapi juu ya nguzo, na zimeendelea umbali gani kila upande kabla ya kukomea? Ringi zimeachana kwa kiasi gani, zikipimwa kwa futi na si kwa kukadiria, hasa katika mita ya kwanza kutoka kwenye nguzo? Je, nondo zimeinuliwa kwa vipande vidogo vya zege ili zisigusane na mbao? Zege linalozifunika, kwa kawaida milimita 25 au zaidi kwa mazingira ya ndani, ndilo linalozilinda na kutu, na mahitaji huongezeka kwa majengo yaliyo karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi hula chuma mapema. Kwenye roshani, nondo za juu zimeegemezwa juu ya nini, na watu watapita wapi bila kuzikanyaga?

Wakati wa kumwaga, jambo linaloharibu zege kuliko mengi ni maji. Zege zito ni gumu kusukuma, na ndoo moja ya ziada hulilainisha vizuri. Maji hayo yakikauka huacha vitundu, na nguvu iliyohesabiwa na mhandisi haifikiwi. Ni vyema sampuli zichukuliwe kwenye vibweta vya milimita 150 na kupelekwa maabara, zikavunjwe baada ya siku 7 na siku 28. Mirunda iliyo chini ya boriti isiondolewe kwa sababu tu kuna site nyingine inayoisubiri. Mhandisi ndiye anayetoa siku.

Kwa wanaoishi au kufanya biashara katika majengo yaliyokwisha kujengwa, mahali pa kutazama ni pawili. Nyufa nyembamba za wima chini ya boriti, katikati ya nafasi, nyembamba kama unywele, ni za kawaida katika zege lenye nondo. Viwango vya usanifu huruhusu hadi milimita 0.3. Zikipanuka mwezi hadi mwezi, mhandisi aitwe. Ufa wa mshazari karibu na nguzo ni suala jingine. Huo hausubiriwi upanuke: mzigo ulio juu yake upunguzwe, watu watoke chini yake, na taarifa ifike halmashauri siku hiyo hiyo.

Mwenye jengo atafanya vyema pia kupiga picha nondo za kila boriti, futi ya kupimia ikiwa imelazwa pembeni, na kuzihifadhi pamoja na michoro. Miaka 20 baadaye, mtu atakapotaka kuongeza ghorofa au kuunganisha maduka mawili, mhandisi atakayeitwa atauliza kwanza kilichomo ndani ya boriti, na picha hizo zitamjibu bila kulazimika kuichimbua.